Mahindi ya Marekani Yatufunze Nini Sisi Wenye Mikarafuu?

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita yalizuka maneno mengi juu ya bei, wala si ajabu, kwani mkulima asiposema juu ya bei atasema juu ya nini? Lakini katika maneno hayo yalitajwa mambo mawili ambayo twaona hayafai kuachwa yapite bila ya kutazamwa vizuri.

La kwanza, mwenzetu mmoja alisimama akasema kuwa wakulima wa mahindi wa Marekani wametajirika kwa sababu serikali yao iliweka sheria ya kuwalazimisha wauza petroli watie spiriti ya mahindi ndani ya petroli. Kwa hivyo, akasema, nasi tuombe sheria ya namna hiyo kwa karafuu, na shida zetu zitakwisha. Watu wakampigia makofi.

La pili, wengine wakasema kuwa madhali mikarafuu mwaka huu yaonyesha dalili njema, basi mwenye mikarafuu michache aiweke rehani kwa tajiri, achukue fedha anunue mingine, kwani karafuu zikishuka deni litajilipa lenyewe. Hapo pia watu wakapiga makofi, na baadhi ya waliopiga makofi ni wale wale ambao baba zao tuliwajua na madeni yao tuliyajua.

Sisi tunaotayarisha gazeti hili hatukusema neno siku ile, kwa sababu hatukuwa na hesabu mkononi. Sasa tumezitafuta hesabu, na tumeona ni wajibu wetu kuziweka mbele yenu kabla ya mkutano mkuu, ambapo mambo haya yatapigiwa kura. Wahenga wamesema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Wamarekani wamekwisha kunyolewa katika jambo hili, tena zaidi ya mara moja, na tukiwatazama vizuri huenda wembe usitukute kichwa kikavu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Ethanoli ni spiriti. Mahindi husagwa, hutiwa maji na dawa za kugeuza wanga kuwa sukari, kisha hutiwa hamira yakachachuka, na baadaye hukenekwa, kama yanavyokenekwa makonyo yetu yakatoa mafuta, ijapokuwa vyombo vyao ni vikubwa mno. Kinachotoka hutiwa petroli kidogo ili kisinyweke, ndipo kikachanganywa na petroli ya magari. Busheli moja ya mahindi, ambayo ni ratili 56 au kilo 25 na kitu, hutoa galani za Kimarekani 2.8 hivi, yaani lita kumi na nusu. Hubakia machicha yapatayo ratili 17, nayo huuzwa yakalishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Eka moja nzuri ya Iowa, jimbo linaloongoza kwa mahindi na kwa ethanoli, hutoa busheli 200 katika mwaka mwema, kwa hivyo eka hiyo moja yatoa zaidi ya lita 2,000 za spiriti. Lakini lita ya ethanoli haina nguvu ya lita ya petroli. Nguvu yake ni kama thuluthi mbili tu, na mwenye gari hulijua hilo anapoona tangi lake laisha upesi.

Basi kwa nini mtu akanunua kitu chenye nguvu pungufu? Hapa ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, Marekani ilishikwa na hofu ya kukosa petroli. Mwaka 1978 Bunge lao lilisamehe senti 4 za kodi katika kila galani ya petroli iliyochanganywa na sehemu moja ya kumi ya ethanoli. Mwaka 1980 wakaweka ushuru juu ya ethanoli inayotoka nchi za nje, na aliyelengwa zaidi alikuwa Brazil, ambayo tangu 1975 ilikuwa na mpango wake wa kutengeneza ethanoli kwa miwa, na miwa hutoa spiriti kwa gharama ndogo kuliko mahindi. Mwaka 2005 ilipitishwa sheria ya kuamuru kiasi cha ethanoli kitakachotiwa katika petroli ya nchi nzima kila mwaka, na mwaka 2007 kiasi hicho kikaongezwa sana, hata sehemu iliyoachiwa mahindi ikafika galani bilioni 15 kwa mwaka ilipofika 2015. Msamaha wa kodi na ule ushuru vilimalizika mwisho wa mwaka 2011, lakini amri ya kuchanganya ilibakia.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 2000 Marekani ilitengeneza galani bilioni 1.6 za ethanoli. Mwaka 2011 zilikuwa karibu bilioni 14. Zaidi ya thuluthi moja ya mahindi ya nchi ile, ambayo ndiyo inayolima mahindi mengi kuliko nchi zote duniani, ikawa yaingia viwandani kutengenezwa ethanoli.

Haki isemwe: wakulima walipata faida, na mwenzetu aliyesema mkutanoni hakusema uongo. Katika msimu wa 2005/06 bei ya wastani ya mahindi ilikuwa dola 2 kwa busheli, bei ambayo kwa wengi haikulipa hata mbolea na mafuta ya matrekta. Miaka michache baadaye ilikuwa mara mbili na mara tatu. Hatusemi kuwa ethanoli peke yake ndiyo iliyofanya hayo, kwani bei ya mafuta ya petroli nayo ilipanda, na ukame nao ulikuja. Lakini wataalamu waliotoa uchunguzi wao mwaka 2022 walihesabu kuwa sheria ile ilipandisha bei ya mahindi kwa asilimia 30, na ikaongeza mashamba ya mahindi kwa hekta milioni 2.8. Wako waliozipinga hesabu hizo, lakini kwamba bei ilisukumwa juu, hilo halina mbishi mkubwa.

Tena kulikuwa na jambo jengine lililotupendeza. Katika jimbo la Minnesota, wakulima wenyewe walikusanyika wakatoa fedha zao wakajenga viwanda, nayo serikali ya jimbo ikawasaidia kwa malipo ya senti kadhaa kwa kila galani. Kiwanda cha mji mdogo wa Benson, kwa mfano, kilianza kazi mwaka 1996 kwa fedha za wakulima wa pande zile. Mkulima mwenye hisa alipeleka mahindi yake kiwandani, na bei ya mahindi ikianguka, hupata faida katika ethanoli, kwani kiwanda chake chapata mahindi rahisi. Bei ya mahindi ikipanda, hupungukiwa kiwandani lakini hupata shambani. Mtu wa namna hii amesimama kwa miguu miwili. Tuliweke jambo hili akilini, tutalirudia.

Sasa tuulize swali ambalo halikuulizwa mkutanoni. Fedha zile zote zilikwenda wapi?

Jawabu limo katika bei za mashamba. Chuo kikuu cha jimbo la Iowa huhesabu kila mwaka bei ya eka moja ya shamba. Mwaka 2005 ilikuwa dola 2,916. Mwaka 2013 ilikuwa dola 8,716. Kodi ya kulima eka moja, ambayo mwaka 2005 ilikuwa dola 131, mwaka 2013 ilikuwa dola 270. Na zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa na watu wasioimiliki, bali wameikodi, mara nyingi kwa wazee waliokwisha kuacha kulima au kwa warithi wanaokaa mijini.

Basi lizingatieni jambo hili, ndugu zetu. Bei ya mahindi ilipopanda, mwenye ardhi aliiona, akapandisha kodi. Muuza mbegu aliiona, na muuza mbolea aliiona. Kila mmoja alikata kipande chake kabla ya mkate kumfikia mlimaji. Kisha bei ikaanguka. Msimu wa 2012/13, ambao ulikuwa wa ukame mkali, bei ya wastani ilikuwa dola 6.89 kwa busheli. Msimu wa 2016/17 ilikuwa dola 3.36. Bei ya mahindi ilikuwa imepungua zaidi ya nusu, na sheria ya ethanoli ipo vile vile, haikuguswa. Je, kodi ya shamba nayo ilipungua nusu? La. Kutoka dola 270 ilishuka ikafika dola 230 mwaka 2016. Mtu aliyekuwa akivuna busheli 180 katika eka ya kukodi, ile kodi peke yake ilimlia dola moja na robo na zaidi katika kila busheli, kabla hajanunua hata punje moja ya mbegu.

Hii ndiyo tabia ya bei nzuri. Ikija, gharama huifuata mbio kama kivuli. Ikiondoka, gharama hubakia nyuma, nayo hushuka kwa kuburura miguu. Kila mmoja wetu alijua hili bila ya kwenda Iowa. Karafuu zikipanda, mchumaji hutaka nyongeza kwa pishi, na ni haki yake, kwani naye anayaona magari mapya yanayopita. Mwenye gari la kuchukulia hutaka nyongeza, na majamvi na magunia hupanda bei. Na karafuu zikishuka, nani aliyekwisha kumsikia mwenye gari akija kusema kuwa amepunguza?

Wala hii haikuwa mara ya kwanza kwa wakulima wa Iowa. Katika miaka ya 1970 nafaka zilipanda sana baada ya Urusi ya Kisoviet kununua shehena kubwa mwaka 1972. Wakulima wakaambiwa walime kila mahali, na mabenki yakawakopesha kwa furaha, kwani ardhi ilikuwa ikipanda kila mwaka, na deni lilionekana dogo mbele ya thamani ya shamba. Kisha riba ikapanda. Mwaka 1980 serikali yao yenyewe ikazuia nafaka zisiuzwe Urusi kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Eka ya Iowa, iliyokuwa dola 2,147 mwaka 1981, ilikuwa dola 787 mwaka 1986. Mtu aliyekopa kwa thamani ya mwaka 1981 akatakiwa kulipa kwa shamba la mwaka 1986. Maelfu waliuziwa mashamba yao kwa mnada, mashamba ambayo babu zao waliyafyeka kwa mikono yao, na mabenki mengi ya vijijini yakafunga milango. Hawakuwa wavivu wala wajinga watu hao. Kosa lao ni kuwa walipima deni kwa bei ya mwaka mwema.

Tuseme pia juu ya waliolipa. Anayefuga ng'ombe au kuku Marekani hununua mahindi, na kila senti iliyomnufaisha mlima mahindi ilimtoka yeye. Katika ukame wa 2012 magavana wa majimbo kadhaa waliiomba serikali kuu iisimamishe amri ya ethanoli kwa muda ili wafugaji wapumue, lakini mwezi wa Novemba ombi hilo likakataliwa. Huko Mexico, mapema mwaka 2007, watu waliingia mabarabarani kwa sababu mkate wao wa mahindi ulipanda bei, na rais wao akalazimika kupatana na wafanyabiashara juu ya bei ya mwisho. Na mwaka 2008, chakula kilipopanda dunia nzima kwa sababu nyingi, na hii ya kuchoma nafaka ikiwa mojawapo, hata sisi wa visiwani tunaoletewa mchele na ngano kwa meli tuliuona mkono wake dukani. Twalisema hili kwa sababu tunapoomba sheria ya kutunyanyua sisi, yafaa tujiulize nani atakayekanyagwa. Mkulima wa karafuu naye ni mnunuzi wa unga.

Sasa tuutazame udhaifu wa bei ya namna hii. Mnunuzi aliyeumbwa na sheria aweza kuondolewa na sheria, au akaondolewa na jambo ambalo sheria haikulifikiria. Kampuni ya VeraSun, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa ethanoli, ilifilisika mwezi wa Oktoba 2008, baada ya kujifunga kununua mahindi kwa bei ya juu na bei ikaanguka ghafla. Sheria ya mwaka 2007 ilikuwa hata mwaka mmoja haijatimiza, na haikuwafaa kitu wakulima waliokuwa na mapatano ya kuiuzia mahindi. Mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, magari hayakutembea, na utengenezaji wa ethanoli ulipungua kwa karibu nusu katika muda wa wiki chache. Na sasa magari ya umeme yanaongezeka, nayo hayanywi petroli wala spiriti. Mkulima wa Iowa amelima vizuri, mvua amepata, mbegu ni njema, lakini bei yake inategemea ni magari ya aina gani watu wa California watanunua miaka kumi ijayo. Huo ni uzi mwembamba wa kuning'inizia nyumba.

Tusiwacheke, kwani sisi wenyewe tumekwisha kuning'inia katika uzi kama huo, na ukakatika.

Wazee wanakumbuka kuwa kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao ziitwazo kretek. Karafuu zetu nyingi zilipanda moshi huko. Tulilala usingizi mzuri, tukiamini kuwa madhali watu wale wanavuta sigara zile, sisi tutakula. Lakini Indonesia ndiko ulikotoka mkarafuu hapo asili, nao katika miaka ya 1970 wakapanda mikarafuu mingi sana, na ilipofika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza. Soko letu likaanguka, na hapana haja ya kusimulia yaliyofuata, kwani kila nyumba ina hadithi yake. Viko vipande ambavyo mikarafuu iliachwa ikazongwa na magugu, na viko vilivyokatwa kuni. Na hao Waindonesia nao wakaja kuonja. Katika miaka ya 1990 serikali yao ilimpa mtoto wa rais wao haki ya kununua karafuu zote peke yake, kwa ahadi ya kumpandishia mkulima bei. Kabla ya muongo kwisha wakulima walikuwa wakiitelekeza mikarafuu yao, na mwaka 1998 mpango ule ukavunjwa.

Na kama twataka mfano wa nyumbani juu ya sheria na bei, basi turudi mwaka 1937. Mwaka huo serikali ya wakati ule ilikipa Chama cha Wenye Mashamba ya Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, mamlaka ya kununua karafuu kwa wakulima, ili kumwokoa mkulima na madeni na walanguzi. Nia ilisemwa kuwa njema. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa walikataa, na kule India, ambako ndiko zilikokwenda karafuu nyingi wakati ule, watu wakazisusia. Karafuu zikarundikana maghalani mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Sheria yaweza kumwamrisha muuzaji, na yaweza kumwamrisha mnunuzi aliye ndani ya nchi. Lakini mnunuzi wetu sisi yuko ng'ambo ya bahari, na hapana sheria ya hapa itakayomlazimisha mtu wa Bombay au wa Singapore kutia karafuu katika chungu chake.

Hapo ndipo tunapotofautiana kabisa na Marekani. Wao hulima mahindi kwao, hutengeneza ethanoli kwao, na gari linaloinywa ni lao. Serikali moja yaweza kumshika mkulima kwa mkono mmoja na mwenye gari kwa mkono wa pili. Sisi karafuu twazilima hapa na zaliwa kwengine. Kwa hivyo ombi la mwenzetu, pamoja na heshima zetu zote kwake, ni kuomba mvua kwa mtu asiyekuwa na mawingu.

Hatusemi kuwa serikali haina kazi. Kazi yake ni kubwa: kutoa miche mizuri, kutengeneza njia za mashambani, kusimamia usafi wa karafuu ili jina letu lisiharibike, na kulipa kwa wakati na kwa kipimo cha haki. Hayo tuyaombe, tena tuyaombe kwa sauti. Lakini bei ya duniani si yake kuitoa.

Sasa twarudi kwenye jambo la pili, la rehani, na hapa tutasema bila ya kuzunguka. Twawasihi wanachama wasiweke rehani mikarafuu yao, na wasiuze karafuu zikiwa bado mtini, kwa kutumainia mavuno ya mwaka huu. Mkarafuu si mhindi. Aliyekosea kulima mahindi mwaka huu aweza kupanda maharage mwakani. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kutoa cha maana, na ukishaondoka mkononi mwako haurudi katika umri wako. Tena kila mmoja wetu ajua kuwa mkarafuu una hiari yake: mwaka huu huzaa hata matawi yakainama, na mwakani hukupa majani. Deni halina mwaka wa majani. Deni huzaa kila mwaka.

Najua, atasema mtu, ninyi mwasema maneno ya kushiba, lakini mimi msimu ukiingia sina hata shilingi ya kuwalipa wachumaji, na karafuu hazingoji, zikichanua zimeharibika. Nisipouza mtini nifanye nini? Huyu ana haki, na hatumjibu kwa mawaidha matupu. Hiyo ndiyo shida yenyewe inayowatia wengi mikononi mwa wenye fedha: si uvivu wala anasa, ni ujira wa wiki mbili tatu za uchumaji.

Kwa hivyo twaleta shauri hili, lipigiwe kura katika mkutano mkuu. Kila mwanachama akiuza karafuu, akubali kukatwa kiasi kidogo katika kila kilo, kiasi ambacho mkutano utakiona hakiumizi, na fedha hizo ziwekwe katika mfuko wa chama. Mwaka wa mavuno mengi mfuko utajaa, na mwaka wa majani hautaguswa ila kwa kazi moja, nayo ni kumkopesha mwanachama ujira wa wachumaji bila ya rehani ya mti, alipe akiuza. Kila mwisho wa msimu hesabu zisomwe hadharani, na daftari liwe wazi kwa kila mwanachama anayetaka kulitazama. Bahari ikijaa hupwa; mwenye akili huvuta dau wakati maji yamo.

Shauri la pili ni lile tulilowaambia tutalirudia. Wakulima wa Minnesota walitufunza kuwa afadhali kuwa na hisa ndogo katika kiwanda kuliko kuwa na ahadi kubwa katika sheria. Makonyo yetu huuzwa kwa bei hafifu, na wengine huyaacha yakaoza chini ya miti, hali ya kuwa yana mafuta, na mafuta hayo yana wanunuzi wao. Kule Wawi, Pemba, kiko kiwanda cha kukeneka mafuta ya makonyo, wala si jambo geni kwetu. Hatusemi tukimbilie kujenga. VeraSun nao walikimbilia kujenga. Twasema kamati iteuliwe watu watatu wenye kujua hesabu, waende wakaulize gharama za kuni, maji, matengenezo na usafirishaji, na bei ya mafuta katika miaka mibaya, si katika miaka mizuri, kisha watuletee karatasi. Kama hesabu ya mwaka mbaya yasimama, tukusanye hisa. Kama haisimami, tumshukuru Mungu kuwa tumepoteza karatasi tu.

La tatu halihitaji kura, ni la kila mtu katika kipande chake. Chini ya mikarafuu na pembezoni mwake bado pana nafasi ya migomba, mihogo, viazi vikuu, pilipili manga na mdalasini. Mababu zetu hawakuupanda mhogo pale kwa kutojua thamani ya karafuu. Waliupanda kwa sababu tufani ya mwezi wa Aprili 1872 iliiangusha karibu mikarafuu yote ya Unguja, na walionusurika na njaa ni wale waliokuwa na kitu chengine ardhini. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Huenda wako watakaosema kuwa tumewavunja watu moyo katika mwaka unaoonyesha neema. Hatukukusudia hivyo. Bei ikipanda tutafurahi pamoja nanyi, tena sisi nasi tuna mikarafuu. Tunachokataa ni kuifanya bei, ambayo hatuilimi wala hatuipalilii, kuwa ndiyo msingi wa nyumba. Iowa ina ardhi nyeusi isiyokuwa na mfano, ina matrekta yanayojiendesha, ina sheria ya Bunge lenye nguvu nyuma yake, na bado mlimaji aliyekodi shamba mwaka 2016 alilala na hesabu zisizotimia. Sisi wenye vipande vidogo na ngazi za miti tutapata wapi ujasiri wa kukopa juu ya mwaka mmoja mwema?

Basi mkutano mkuu ukifika, njooni wote, na mje na hesabu zenu za misimu mitano iliyopita, mlichouza na mlichotoa. Mwenye kutupinga aje na zake atupinge nazo, na gazeti hili litampa nafasi sawa na tuliyojipa sisi. Lakini asije na makofi.

Wassalaam.